Kwa nini koala analala sana

Nikifundisha ikolojia ya wanyamapori, swali la koala, mnyama wa Australia anayeishi mitini, halikosekani: mbona analala hadi saa 20 kwa siku? Wengi wameshasikia kwamba majani anayokula yanamlewesha. Si kweli. Analala kwa sababu chakula chake hakimpi nguvu ya kufanya zaidi ya hapo.

Chakula hicho ni majani ya mikaratusi, miti ambayo asili yake ni Australia ingawa leo imejaa hata mashambani kwetu. Jani la mkaratusi ni gumu, lina protini kidogo, na limesheheni mafuta makali na kemikali zenye sumu. Wanyama wengi hawaliwezi. Koala ana ini hodari la kuvunja sumu hizo, na utafiti wa jenomu yake, yaani jeni zake zote kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba jeni za kazi hiyo zimeongezeka sana mwilini mwake. Kisha ana sekamu, yaani ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, inayoweza kufikia urefu wa mita 2. Humo bakteria huchachusha majani polepole, kwa siku kadhaa.

Bakteria hao mtoto hazaliwi nao. Koala huzaliwa baada ya mimba ya siku 35 hivi, akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe, hana manyoya wala haoni, na hupanda mwenyewe hadi kwenye mfuko wa ngozi ulio tumboni mwa mama. Hukaa humo akinyonya kwa takriban miezi sita. Ndipo mama humtolea kinyesi laini cha pekee, tofauti na kile cha kawaida, na mtoto hukila. Wanafunzi hukunja uso nikifika hapa, lakini kwangu hakuna malezi ya ajabu kuliko haya: bila mlo huo, majani yangemshinda maisha yake yote.

Tena si kila mkaratusi unaomfaa. Ipo aina zaidi ya 700, naye katika eneo moja hutegemea chache tu, na hata hizo hunusa jani kwanza kabla ya kung'ata. Siku za joto kali hukumbatia mashina yenye ubaridi ili kupoza mwili.

Ndiyo maana msitu ukifyekwa hawezi kuhamia popote tu. Hulazimika kutembea chini, akakutana na magari na mbwa, huku ugonjwa wa klamidia ukiwaacha wengi vipofu au tasa. Februari 2022 serikali ya Australia ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka katika Queensland, New South Wales na eneo la Canberra.

Kusini mwa Australia mambo ni kinyume. Kwenye kisiwa cha Kangaroo, koala wachache waliopelekwa miaka ya 1920 walizaana hadi wakaimaliza majani miti waipendayo, na kuanzia miaka ya 1990 wataalamu waliwafunga uzazi wengi na kuwarudisha mitini.