Seabiscuit hakuwa farasi maskini: dhana na ukweli

Filamu za makala kuhusu Seabiscuit, farasi wa mbio wa Marekani, humwacha mtazamaji na hadithi moja: farasi wa hali ya chini aliyewafuta machozi Wamarekani wa hali ya chini wakati uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930. Machozi aliyafuta kweli. Huo unyonge wake ndio wa kuutazama upya.

Dhana: Hakuwa na ukoo wa maana.

Ukweli: Babu yake mzaa baba ni Man o' War, farasi aliyekimbia mara 21 na kushindwa mara moja tu. War Admiral, bingwa wa mwaka 1937 wa mataji matatu makuu ya mbio za farasi Marekani, aliyechukuliwa kuwa mwana wa mfalme mbele ya mtoto wa mtaani, alizaliwa na huyohuyo Man o' War. Kwa hiyo alikuwa baba mdogo wa Seabiscuit, ingawa Seabiscuit alimtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Walipopambana wawili hao mwaka 1938, pambano lilikuwa la ndani ya ukoo.

Dhana: Alikuwa mvivu tu mpaka akapata bahati.

Ukweli: Alichoshwa. Akiwa na miaka miwili alikimbizwa mara 35, akashinda tano. Agosti 1936 Charles Howard, tajiri aliyepata mali kwa kuuza magari ya Buick, alimnunua kwa dola 8,000. Mkufunzi Tom Smith alimpumzisha, akamlisha vizuri, akamwekea mwenzake zizini, farasi mtulivu aitwaye Pumpkin. Hakuna uchawi hapo.

Dhana: Red Pollard, mpandaji wake wa kawaida, ndiye aliyempanda siku ya pambano na War Admiral.

Ukweli: Pollard alikuwa amevunjika mguu vibaya tangu Juni. Tarehe 1 Novemba 1938, kwenye uwanja wa Pimlico, Baltimore, aliyempanda ni George Woolf. Wengi walijua War Admiral huchomoka mbele na haguswi tena. Smith akatumia hilohilo: alimzoesha Seabiscuit kuruka mara tu kengele inapolia. Kengele ikalia, Seabiscuit akatangulia. Katikati ya mbio Woolf akamwachia War Admiral amfikie, kama Pollard alivyomshauri, kwa sababu Seabiscuit alikuwa na tabia ya kuchachamaa akimwona mshindani ubavuni. Akashinda kwa urefu wa farasi wanne, huku mamilioni wakisikiliza redioni.

Dhana: Watu walikuwa hawana hela, kwa hiyo michezo ya farasi ilidorora.

Ukweli: Kinyume chake. Majimbo yaliyokaukiwa hazina yalihalalisha kamari ya farasi ili yapate kodi. California ilifanya hivyo 1933, na mwishoni mwa 1934 uwanja wa Santa Anita ukafunguliwa. Katika mbio kuu za uwanja huo Seabiscuit alishindwa kwa tofauti ya pua, yaani ndogo kabisa, mwaka 1937, tena 1938, kisha akashinda 1940, Pollard akiwa mgongoni.

Ukimtafuta maskini wa kweli katika kisa hiki, mtazame huyo aliye mgongoni. Farasi alistaafu na rekodi ya zawadi za dola 437,730. Pollard alikuwa na jicho moja lisiloona, akalificha kwa miaka, maana lingejulikana angezuiwa kupanda. Chama cha kuwatetea wapanda farasi, wakiumia wasiachwe hivihivi, kiliundwa mwaka huo wa 1940. Woolf alianguka kwenye mbio Santa Anita Januari 1946, akafariki.