Aprili ya Japani na Pasaka inayohamahama

Shirika la utalii la Japani hutangaza kila mwezi idadi ya wageni walioingia nchini humo. Kuchambua takwimu za utalii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo huzisoma mapema kabla ya chai kupoa. Za Aprili 2025 zilinifanya niweke kikombe chini: wageni milioni 3.91, zaidi ya asilimia 28 juu ya Aprili ya mwaka uliotangulia. Japani haikuwa imewahi kupata mwezi kama huo. Namba ni sahihi, ila ukiichukua peke yake itakupoteza.

Wanaoanza kazi hii hukimbilia kulinganisha Aprili na Machi. Hapo unapima msimu tu. Maua ya sakura yakichanua, watu humiminika, yakipukutika, hupungua. Ndiyo maana tunalinganisha Aprili na Aprili.

Lakini hata Aprili mbili hazifanani. Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, na ya 2025 ikawa tarehe 20 Aprili. Watu wa Ulaya, Marekani na Australia husafiri sana shule zinapofungwa kwa sikukuu hiyo, kwa hiyo sehemu ya safari zilizohesabiwa Machi mwaka mmoja zilihamia Aprili mwaka uliofuata. Dawa yake ni rahisi: jumlisha miezi yote miwili. Machi na Aprili 2024 zinatoa milioni 6.12, za 2025, milioni 7.41. Ongezeko ni asilimia 21 hivi. Bado ni kubwa mno, lakini si 28. Mwaka Mpya wa Kichina nao huchezacheza hivyo hivyo kati ya Januari na Februari, na kwa nchi za Asia kishindo chake ni kikubwa kuliko cha Pasaka.

Februari ina kasoro yake nyingine, ambayo binafsi naipenda kwa sababu karibu kila mtu huisahau. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, Februari ikawa na siku 29. Japani ilipokea wageni milioni 2.79 mwezi huo, na milioni 3.26 Februari 2025: nyongeza ya karibu asilimia 17. Gawanya kwa siku, utapata wageni kama 96,000 kwa siku dhidi ya 116,000. Ongezeko linapanda hadi asilimia 21. Siku moja tu hiyo!

Asilimia nazo zina ujanja wake. Aprili 2019 waliingia watu milioni 2.93. Mwaka mmoja baadaye, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, waliingia 2,900 hivi. Aprili 2021 wakafika kama 10,900, yaani ongezeko la asilimia 270 na ushei. Hakuna mwenye hoteli aliyesherehekea. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa wengi wetu tuliacha kulinganisha na mwaka uliopita, tukawa tunarudi 2019.

Kuna jambo moja zaidi. Takwimu hizi huhesabu maingio, si watu: anayeingia mara tatu kwa mwaka ni wageni watatu. Wala hazisemi alilala usiku ngapi. Anayekaa siku mbili na anayekaa majuma mawili wana uzito uleule kwenye jedwali. Mwenye nyumba ya wageni akiniuliza aongeze vyumba au la, jedwali hilo nalifunga, nafungua la usiku waliolala.