Makazi ya chura wa mitini yaanzie kwenye ngozi yake

Watu wanaotaka kufuga chura wa mitini huniuliza kwanza kuhusu ukubwa wa kasha la kioo, nami huwauliza kwanza maji watakayompa yanatoka wapi. Chura hanywi kwa mdomo kama tufanyavyo sisi, bali hufyonza maji kupitia ngozi, hasa ile ya chini ya tumbo na mapaja, na ngozi hiyohiyo humsaidia kuvuta hewa. Chochote kilichomo majini, hewani au mikononi mwa mfugaji huweza kupenya hadi kwenye damu yake. Kwa sababu hiyo, kila ninapomwandalia chura makazi, huamua mambo yote kwa kuifikiria ngozi yake kwanza.

Nitamzungumzia yule ninayemfahamu zaidi, chura mnene wa kijani wa Australia, aitwaye kitaalamu Litoria caerulea, ambaye maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa na John White mwaka 1790. Asili yake ni Australia ya kaskazini na mashariki pamoja na kusini mwa kisiwa cha New Guinea. Jike hufikia urefu wa sentimita 10 au zaidi, na akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hadi 20, muda ambao mtu anapaswa kuutafakari kabla ya kumpeleka mnyama nyumbani. Mnunue aliyezaliwa kwa mfugaji, si aliyekamatwa porini, na hakikisha kwamba sheria za nchi unakoishi zinakuruhusu kumfuga.

Turudi kwenye maji, kwani hapa ndipo vyura wengi huumizwa na watu wanaowapenda. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu, na wengi wameambiwa kwamba yakiachwa wazi kwa siku nzima dawa hiyo hutoweka. Ni kweli kwa klorini yenyewe, lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kuachwa wazi na wala haionekani kwa macho. Tumia dawa ya kusafishia maji ya samaki ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba inaondoa vyote viwili. Ikiwa mabomba ya nyumba ni ya shaba, acha maji yaliyolala ndani ya bomba yamwagike kwanza, kwa kuwa shaba ni sumu kwa amfibia, yaani vyura na jamaa zao. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, yanafaa kunyunyizia, lakini siyapendekezi kwenye bakuli kwa sababu hayana madini, na chura anayekaa ndani yake hupoteza chumvi za mwili wake.

Bakuli liwe pana kiasi cha chura kukaa ndani yake mwili mzima, na maji yasipite mabega yake, kwani huyu si mwogeleaji hodari. Yabadilishwe kila siku bila kukosa. Chura hupenda kujisaidia humohumo, na amonia inayotokana na uchafu huo humrudia kupitia ngozi.

Anayetaka kuona jinsi maisha ya amfibia yanavyoweza kutegemea unyevu amtazame chura wa Kihansi wa kwetu Tanzania. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, akiishi kwenye eneo dogo mno lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji ya mto, rasharasha zilikoma. Ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia bondeni, na vyura wengine wapelekwe kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 kizazi kilicholelewa ndani ya vioo kilianza kurejeshwa kwao.

Hata hivyo, chura wa Australia hahitaji unyevu wa namna hiyo. Kwao kuna msimu mrefu wa ukavu, kwa hiyo unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unamtosha, ukipanda jioni unaponyunyiza na kushuka mchana. Kasha lililofunikwa kabisa likabaki limeloa usiku na mchana huzaa bakteria na kuvu zinazoshambulia ngozi. Weka wavu juu na matundu ya hewa ubavuni. Anayeishi Muscat na kiyoyozi kisichozimwa, au Ulaya wakati wa baridi na vipasha joto, atalazimika kunyunyiza mara nyingi zaidi, na kipima unyevu ndicho kitakachomwongoza.

Kwa vyura wawili au watatu wanaolingana ukubwa, kasha la sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60 linatosha. Wakitofautiana sana, mkubwa atammeza mdogo. Panga matawi manene yanayohimili uzito wao, magome ya kujificha, na mimea imara kama pothosi, ukiisafisha kwanza dawa za wadudu hadi kwenye mizizi. Chini tandaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, na usiweke kokoto ndogo, kwani huzimeza pamoja na chakula zikaziba utumbo.

Joto la mchana liwe nyuzi 24 hadi 28, na usiku lisishuke sana chini ya 18. Kifaa cha kupasha joto kibandikwe ubavuni na kidhibitiwe na themostati, yaani kidhibiti joto. Naunga mkono taa hafifu ya miale ya urujuanimno yenye kivuli cha kukimbilia, ingawa haiondoi haja ya kuwapaka nyenje anaolishwa unga wa kalsiamu na vitamini D3, maana upungufu wake hulegeza mifupa. Chura aliyekomaa alishwe mara mbili au tatu kwa wiki. Mikunjo iliyo juu ya macho ikianza kuyafunika, amenenepa kupita kiasi.

Mshike pale tu inapobidi, kwa glavu zisizo na poda zilizoloweshwa maji safi. Chura mgeni akae peke yake kwa siku 30 au zaidi, juu ya karatasi laini inayobadilishwa kila siku, na vyombo vyake visichanganywe na vya wengine. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999, imepunguza mamia ya aina za amfibia duniani, na husafiri kwa maji na vyura wanaoonekana wazima. Maji machafu ya kasha yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa, na yasifikishwe kamwe mtoni wala kwenye dimbwi.