Mashine inachambua barua, ila anayechoka ni mtu

Huku Mwanza utasikia eti ukifanya kazi na mashine huchoki, we unabonyeza tu. Jamani sio kweli. Chukua mashine za posta ya Marekani, zile za kuchambua barua kwa anwani, zinameza zaidi ya barua 30,000 kwa saa, sasa nani anazilisha? Mtu, kasimama wima, mkono unarudia kitu kilekile, mwenzake anainama kutoa barua zilizokwisha kuchambuliwa kwenye visanduku vya chini vya mashine mpaka kiuno kinawaka moto. Dada zetu wa viwanda vya minofu ya sangara wanalijua hilo. Kwahiyo badilishaneni nafasi, mlishaji akatoe, mtoaji akalishe, chini tandikeni mkeka wa mpira, na mapumziko mafupi ya mara kwa mara yanasaidia kuliko kusubiria lanchi tu.