1986 ni Mwaka, Si Dunia: Maana ya Ulimwengu Sambamba katika Dark

Siku hizi maneno "ulimwengu sambamba" yanabandikwa kwenye kila jambo la ajabu linalotokea katika tamthilia za mafumbo. Mhusika akionekana mtoto na mtu mzima kwa wakati mmoja, ulimwengu sambamba. Mtu akiingia pangoni na kutokea enzi za babu yake, ulimwengu sambamba. Tamthilia inayoumia zaidi kwa mazoea haya ni Dark ya Ujerumani, iliyoundwa na Baran bo Odar na Jantje Friese, kwa sababu ndani yake kweli kuna ulimwengu sambamba, lakini si pale wengi wanapouonyesha. Maelezo yafuatayo yanafichua mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaitazama aishie hapa.

Maana yenyewe ni fupi. Ulimwengu sambamba ni uhalisia mwingine wenye historia yake kamili, ambamo tarehe ileile ina matukio tofauti na ya huku kwetu, na pande zote mbili zipo kweli. Upande mmoja haufuti mwingine. Mashine, mlango na kioo ni mapambo ya hadithi. Kinachotakiwa ni tarehe moja yenye majibu mawili yaliyo kweli.

Sasa tuchukue misimu miwili ya kwanza. Chini ya mji wa kubuni wa Winden kuna pango lenye njia inayounganisha 2019, 1986 na 1953. Tofauti ni miaka 33 kila mara, na saa zinatembea pamoja: msimu wa pili unapofika Juni 2020, upande wa pili wa pango ni Juni 1987, na ule mwingine ni Juni 1954. Mashabiki wengi walichora miaka hiyo kama duara tatu zilizotengana, kisha wakaziita dunia tatu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Winden ya 1986 ni Winden ileile kabla haijafika 2019. Ines, muuguzi wa 1986, ndiye bibi mwenye mvi wa 2019. Kovu la mtu linabaki mwilini mwake toka mwaka mmoja hadi mwingine.

Kovu ni kipimo kizuri, na tamthilia yenyewe inatupa moja. Tangu tunapomwona mzee Helge Doppler mwaka 2019, uso wake una makovu upande wa sikio. Baadaye askari Ulrich Nielsen anapita pangoni, anafika 1953, anamkuta Helge akiwa mtoto na kumponda kwa jiwe akidhani anazuia watoto wasije kutekwa miaka ya mbele. Helge anapona. Makovu anayoyapata siku hiyo ndiyo yaleyale tuliyokwisha kuyaona kabla Ulrich hajaondoka. Kama Ulrich angekuwa ameingia dunia nyingine, au amezaa tawi jipya la historia, mzee Helge wa mwanzo asingekuwa na sababu ya kuwa na makovu yale. Anayo kwa kuwa safari ya Ulrich ilikuwa sehemu ya historia hiyohiyo tangu awali. Huu unaitwa mzunguko wa wakati: dunia moja, mstari mmoja uliojikunja, na hakuna kinachobadilika.

Mikkel ndiye anayewachanganya watu zaidi. Anapotea Novemba 4, 2019 akiwa na miaka 11, anatokea 1986, analelewa na Ines, anakua kwa jina la Michael Kahnwald, anamwoa Hannah na kumzaa Jonas, mhusika mkuu. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya Juni 2019, Michael anapojiua, Mikkel mtoto na Michael mtu mzima wanaishi mji mmoja. Wengi huona watu wawili na kusema lazima wametoka dunia mbili. La. Angalia umri. Mtu mmoja akijikunja ndani ya wakati, nakala zake hupishana umri, na yule mkubwa hubeba kumbukumbu za yule mdogo. Nakala ya ulimwengu sambamba ni kinyume chake: rika ni lilelile, tarehe ni ileile, lakini hana kumbukumbu zako, kwa sababu hakuishi maisha yako.

Na nakala ya namna hiyo inatokea mara ya kwanza dakika za mwisho kabisa za msimu wa pili. Juni 27, 2020 Adam, ambaye ni Jonas mwenyewe aliyezeeka, anampiga risasi Martha, mpenzi wa Jonas, mbele ya Jonas kijana. Muda mfupi tu baadaye anaingia Martha mwingine, kijana vilevile, nywele zimekatwa usawa wa paji la uso. Jonas anamwuliza ametoka wakati gani, naye anajibu kwamba la kuuliza si wakati bali dunia. Jibu hilo limewekwa kwa makusudi lipambane na kauli ya msimu wa kwanza, kwamba la kuuliza si Mikkel yuko wapi bali yuko lini. Wapi, lini, dunia gani: ni maswali matatu tofauti, na waandishi walichukua misimu miwili kuyatenganisha. Inasikitisha kuona mtazamaji akiyarudisha kwenye kapu moja kwa neno moja.

Wapo wanaojibu kwamba nadharia zao za 2017, msimu wa kwanza ulipotoka, kwamba kuna dunia tatu, zilithibitishwa na msimu wa tatu. Zilitua karibu, nakubali, lakini kwa sababu isiyo sahihi. Aliyeegemea pango na miaka 33 alikuwa anaeleza safari ya wakati. Dalili ya kuegemea ilikuwa ile alama ya fundo lenye ncha tatu. Mwanzoni inasomeka kama nyakati tatu. Mwishoni inasomeka kama dunia tatu: ya Adam, ya Eva (yule Martha mwingine akishazeeka), na ya asili, iliyozaa hizo mbili. Katika dunia ya Eva, Mikkel hakupotelea 1986, hivyo Jonas hakuzaliwa, na kiziwi ni Franziska badala ya mdogo wake Elisabeth. Hizo ndizo tofauti zinazostahili jina la ulimwengu sambamba: tarehe ni moja, familia ni zilezile, historia ni mbili.

Msimu wa tatu una mtego mwingine. Wakati wa maangamizi yanayoikumba Winden Juni 27, 2020, muda unasimama kwa sehemu ndogo ya sekunde, na katika nafasi hiyo mambo mawili yanatokea yote: Martha anamchukua Jonas, na pia Martha haji, Jonas anajificha na kunusurika, kisha anazeeka hadi kuwa Adam. Kuna wanaohesabu hapo dunia ya nne na ya tano. Si sahihi. Njia zote mbili zinarudi kwenye fundo lilelile, yaani mzunguko unaozifunga pamoja dunia ya Adam na ya Eva, na kulilisha. Hazizai Winden mpya yenye watu wake. Tamthilia inatumia mfano wa paka wa Schrödinger wa 1935, paka wa kufikirika anayehesabiwa hai na mfu kwa pamoja, kueleza hali mbili kuwepo pamoja, na ndiyo maana watu hukimbilia tafsiri ya dunia nyingi iliyotokana na kazi ya mwanafizikia Hugh Everett ya 1957, kwamba kila tokeo linatimia katika tawi lake. Lakini katika tafsiri hiyo, matawi yakishaachana hakuna anayevuka kwenda tawi jingine. Katika Dark wanavuka kila siku. Fizikia imeazimwa lugha tu.

Tofauti hizi zina uzito, kwa sababu mwisho wote wa hadithi umesimama juu yake. Ndani ya fundo, kila anayejaribu kurekebisha jambo ndiye anayelisababisha. Jonas anarudi Juni 2019 kumzuia baba yake asijiue, na mazungumzo yao ndiyo yanayompa baba wazo hilo. Mabadiliko yanafanikiwa mara moja tu, Jonas na Martha wanapofika 1971 katika dunia ya asili na kuzuia ajali iliyoua familia ya fundi saa Tannhaus, ajali iliyomsukuma kuunda mashine ya 1986 iliyoigawa dunia. Inawezekana pale kwa sababu dunia hiyo iko nje ya fundo. Anayeita kila mwaka "dunia" hawezi kueleza kwa nini Ulrich alishindwa 1953 na hawa wawili wakaweza 1971. Ataona mwisho umebuniwa kwa pupa, ilhali umefuata kanuni.

Kosa la jamaa hii liliwapata pia watazamaji wa Lost, tamthilia ya Marekani kuhusu abiria ambao ndege yao ilianguka kisiwani. Msimu wa sita wa 2010 ulionyesha ndege ikitua Los Angeles salama, na karibu kila mtu akaamini bomu la 1977 limezaa uhalisia wa pili. Sehemu ya mwisho, Mei 23, 2010, ilieleza kwamba pale ni mahali wanapokutana baada ya kufa, kila mmoja akiwa amekufa kwa wakati wake. Si ulimwengu sambamba, na wala haina maana kwamba kisiwani walikuwa wafu tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukisimulia Dark, sema Mikkel alikwenda 1986, na Jonas alikwenda dunia ya Eva. Vitenzi vinafanana, safari hazifanani.