Kodi ya matajiri New York: nani hasa anahama?

Tajiri akidai kwamba amehama New York na sasa ni mkaazi wa Florida, jimbo lisilotoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, wakaguzi wa kodi hawalipokei neno lake hivi hivi. Huhesabu siku. Mwenye makazi ya kudumu New York ambaye ameonekana jimboni humo zaidi ya siku 183 kwa mwaka anahesabiwa mkaazi, hata kama leseni yake ya udereva imetolewa Miami. Wakaguzi huomba kumbukumbu za simu, risiti za kadi na tarehe za safari za ndege. Huuliza picha za familia zimetundikwa wapi, michoro ya thamani iko nyumba gani, na daktari wa meno ni wa mji upi. Mwaka 2017 jaji wa mashauri ya kodi wa jimbo hilo alikubali kwamba bwana mmoja amehamia Dallas, jimbo la Texas, kweli, na moja ya hoja zilizompa ushindi ni kwamba mbwa wake naye alikuwa amehamishiwa huko.

Nimeanza na habari hii kwa sababu kila ninapofundisha juu ya kodi za wenye kipato kikubwa, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa na swali lile lile: mkiwatoza zaidi si watahama, mji ubaki na nani? Swali ni la haki. Ila ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Mtu anaweza kuhama na familia yake. Vilevile fedha zake zinaweza kuhama kwenye makaratasi huku yeye akiendelea kulala pale pale. Asiyeyatenganisha haya mawili hawezi kuuelewa mjadala wa New York.

Mjadala huo ulipamba moto Novemba 2025, wakati Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alipochaguliwa kuwa meya wa mji wa New York, ulio ndani ya jimbo lenye jina hilo hilo. Katika kampeni aliahidi mabasi ya bure na malezi ya watoto wadogo bila malipo. Sehemu ya fedha alitaka itoke kwa wenye kipato kinachozidi dola milioni 1 kwa mwaka: katika kila dola 100 zinazovuka kiwango hicho, mji uchukue dola 2 zaidi ya unazochukua sasa. Kampeni ilikadiria dola bilioni 4 kwa mwaka. Meya hana uwezo wa kupitisha jambo hilo peke yake, kwani kodi ya mapato ya mji hupangwa na bunge la jimbo huko Albany, na gavana Kathy Hochul alikwisha kusema wakati wa kampeni kwamba hataki kupandisha kodi ya mapato.

Viwango vya sasa navyo si vidogo. Tangu nyongeza ya mwaka 2021, jimbo linatoza asilimia 10.9 kwa sehemu ya kipato inayozidi dola milioni 25, na mji unaongeza asilimia 3.876 juu yake, kabla serikali ya shirikisho haijadai fungu lake. Tena, asilimia 1 ya walipakodi walio juu kabisa ndio wanaotoa takriban asilimia 40 ya kodi ya mapato ya mji. Kwa hiyo anayeogopa hajaota ndoto.

Je, wanahama? Utafiti wa Cristobal Young na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulipitia ritani, yaani taarifa za kodi, za miaka 13 za watu wote wa Marekani waliotangaza kipato cha dola milioni 1 au zaidi. Waliohama kutoka jimbo moja kwenda jingine katika mwaka ni asilimia 2.4. Kwa wananchi kwa jumla ni asilimia 2.9. Yaani tajiri anahama kidogo kuliko mtu wa kawaida. Ukitulia utaona kwa nini. Mwenye kipato kikubwa kwa kawaida yuko kileleni mwa kazi yake. Ana wateja, washirika, watoto waliokwisha kuzoea shule, mwenzi mwenye kazi yake, na jina linalojulikana katika mji ule na si mwingine. Wakili wa Manhattan, kitovu cha mji, akihamia Tampa huko Florida habebi wateja wake kwenye sanduku.

Piga hesabu. Anayepata dola milioni 1.5 angelipa nyongeza ya dola 10,000 kwa mwaka. Kwa mtu wa kipato hicho, hiyo haitoshi kumng'oa mtoto shuleni. Anayepata milioni 20 angelipa nyongeza ya dola 380,000, na huyo ana sababu ya kumpigia simu mshauri wake.

Hata hao wakubwa, visa vyao huchanganya mambo mengi. Mwaka 2022 bilionea Ken Griffin aliondoa makao makuu ya kampuni yake ya uwekezaji, Citadel, Chicago na kuyapeleka Miami. Kisa hicho hutajwa sana na wapinzani wa kodi. Ninaowafundisha huwakumbusha kwamba Illinois, jimbo la Chicago, hutoza kila mtu asilimia 4.95, tajiri kwa maskini, na kwamba mwaka 2020 wapigakura walikataa pendekezo la kuwatoza matajiri zaidi, baada ya kampeni ya kulipinga ambayo Griffin mwenyewe aliichangia zaidi ya dola milioni 50. Alishinda, kisha akaondoka. Alilolilalamikia zaidi wakati wa kuondoka ni uhalifu.

Sasa tuje kwenye fedha zinazohama, kwa maana hapo ndipo upande unaounga mkono kodi hizi hupita haraka mno. Mwaka 2012 wapigakura wa California walipitisha Pendekezo namba 30, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya jimbo kikapanda kutoka asilimia 10.3 hadi 13.3. Watafiti Joshua Rauh na Ryan Shyu walifuatilia kilichotokea. Waliohama waliongezeka, lakini si wengi. Waliobaki ndio waliofanya kazi kubwa: kipato walichotangaza kilishuka. Bonasi inaweza kucheleweshwa. Hisa zinaweza kuachwa zisiuzwe mwaka huu. Mapato yanaweza kupitishwa kwenye kampuni, na aliyefikiria kustaafu baada ya miaka mitatu anastaafu sasa. Kwa makadirio yao, asilimia 45 ya fedha zilizotarajiwa kutokana na nyongeza hiyo ilipotea ndani ya mwaka wa kwanza. Sehemu iliyobaki iliingia hazina, na California haikuporomoka. Lakini mpanga bajeti aliyehesabu kila dola ya karatasi kuwa dola ya benki angeumbuka.

Massachusetts ilikwenda kinyume cha hofu. Nyongeza ya asilimia 4 kwa kipato kinachozidi dola milioni 1 ilianza mwaka 2023. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 bajeti ilitegemea dola bilioni 1 tu, na zikakusanywa zaidi ya bilioni 2. Napenda walivyofanya: walikadiria kidogo, kisha wakaifunga fedha hiyo kwa elimu na usafiri, ili mlipaji aone ilikokwenda.

Mji wa New York una udhaifu mmoja ambao jimbo zima halina. Mpaka wake uko karibu. Tangu mwaka 1966 mji ulikuwa ukiwatoza kidogo wanaofanya kazi mjini na kulala nje. Bunge la Albany likaifuta kodi hiyo mwaka 1999. Tangu hapo, anayehamia majimbo jirani ya New Jersey au Connecticut hahitaji kubadili ofisi wala wateja. Anapanda treni asubuhi, anaingia Manhattan, anatembea kwenye barabara zinazotengenezwa na mji, na kodi ya mapato ya mji haimhusu. Kuhamia Miami kunamgharimu mtu maisha yake. Kuvuka mto kunamgharimu nauli. Kwa maoni yangu kufutwa kwa kodi ile kuliujeruhi mji kuliko nyongeza yoyote ya miaka ya karibuni, na nashangaa linavyozungumzwa kidogo.

Kuna pia wasiokuja kabisa, ambao utafiti wa wanaohama hauwahesabu. Mwaka 2010 karibu asilimia 13 ya wenye kipato cha mamilioni wa Marekani walikuwa jimbo la New York. Kufikia mwaka 2022 walikuwa karibu asilimia 9. Idadi yao jimboni haikupungua, ila kwingineko iliongezeka kwa kasi zaidi. Sioni kwamba kodi peke yake ndiyo iliyofanya hivyo, maana Texas na Florida zimekua kwa watu wa kila kipato. Hata hivyo ni onyo.

Wanaouliza kama mji unaweza kufa kweli, huwarejesha mwaka 1975. Wakati huo wakopeshaji walikataa kununua dhamana za New York, yaani hati za kuukopesha mji, maelfu ya wafanyakazi wa mji wakaachishwa kazi, nauli ya treni ikapanda kutoka senti 35 hadi 50, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha mji kikaanza kutoza ada. Katika muongo huo mji ulipoteza wakaazi zaidi ya 800,000. Kodi za juu zilikuwamo katika malalamiko, siwezi kuzitoa. Lakini viwanda vilikwisha kuondoka, na mji ulikuwa ukikopa kulipia matumizi ya kila siku. Walioondoka kwa wingi ni watu wa kipato cha kati, waliochoshwa na huduma zilizokuwa zikizorota mbele ya macho yao.

Leo pia ndio hao wanaoondoka: muuguzi, dereva, mwalimu mwenye watoto wawili wadogo. Hawafukuzwi na kodi ya mapato ya milionea. Wanashindwa kodi ya pango na malipo ya kumlea mtoto. Kwa hiyo hukumu ya nyongeza inategemea sana inakwenda wapi. Ikimbakiza mwalimu huyo Queens, mojawapo ya wilaya za mji, mji umepata. Ikitumika kama mshahara wa uhakika wakati chanzo chake ni bonasi za Wall Street, yaani za mabenki na masoko ya hisa, ambazo mwaka 2008 zilituonyesha zinavyoweza kuanguka, basi ahadi itavunjika mwaka wa kwanza wa mdororo, na watakaoumia ni hao hao walioahidiwa.

Ningekuwa mshauri huko, ningeweka macho kwenye kitu kisichopanda ndege. Sheria ya jimbo inaagiza fleti za umiliki, hata zile za kifahari zinazotazama bustani ya Central Park, zithaminiwe kana kwamba ni nyumba za kupangisha. Matokeo yake, fleti iliyonunuliwa kwa mamilioni mengi huandikiwa thamani iliyo sehemu ndogo tu ya bei yake, ilhali mwenye nyumba ya kawaida kusini mashariki mwa Queens anatozwa kwa kiwango kilicho karibu zaidi na bei ya kweli. Fleti haina mbwa wa kuhamishiwa Dallas. Kubadili sheria hiyo nako kunapitia Albany.