Nani Hapewi Ukimbizi Hata Akiwa na Hofu ya Kweli

Baada ya maandamano ya upinzani Zanzibar ya Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba, wengi wakashukia Shimoni, Kenya. Hapa Wete, wakishajua mimi ni wakili, bado watu huniuliza: kama kati yao alikuwemo aliyempiga askari jiwe, angepata ukimbizi?

Jibu limo katika Ibara ya 1F ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Inawaweka kando waliotenda jinai dhidi ya amani, za kivita au dhidi ya ubinadamu. Waliofanya kosa kubwa la jinai lisilo la kisiasa kabla ya kupokelewa, nje ya nchi wanayoomba hifadhi. Na waliokwenda kinyume na malengo na misingi ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Afrika wa wakimbizi wa 1969 uliongeza malengo na misingi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa wakati huo. Kundi la kwanza Tanzania inalijua: mwaka 1994 waliohusika na mauaji ya Rwanda waliingia Ngara wamechanganyika na raia wasio na hatia. La tatu hutumika kwa nadra.

Kazi iko kwenye la pili. Mpemba aliyevusha magunia ya karafuu usiku kwenda Kenya ana kosa, na kwetu magendo hayo si mchezo. Lakini uzito wa kosa hapa hupimwa kwa kipimo cha kimataifa, si kwa hasira ya serikali moja. Mauaji, ubakaji, unyang'anyi wa silaha, hayo ndiyo yanayokusudiwa. Karafuu hazifiki huko.

Na kosa likiwa zito kweli, huulizwa kama ni la kisiasa. Kadi ya chama haitoshi. Kitendo kifungamane na lengo la kisiasa, tena kisipite kiasi. Jiwe lililorushwa katikati ya mabomu ya machozi si sawa na kumvizia askari kwake usiku na kumchinja.

Kuwemo kwenye kundi peke yake pia hakumtii mtu hatiani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mtu aliyetajwa kwa herufi JS, aliyekuwa katika Tamil Tigers, kundi la waasi la Sri Lanka, ilitaka uonekane mchango wake mwenyewe, wa maana na wa kujua, katika jinai zilizotendwa. Ushahidi si lazima ufikie ule wa kumtia mtu jela. Zinatakiwa sababu nzito za kuamini, na tetesi za mtaani hazimo. Mke na watoto wa anayetuhumiwa nao husikilizwa kwa hofu yao wenyewe. Linaloniudhi ni maofisa wanaokimbilia 1F kabla hata hawajauliza mtu anakimbia nini.

Tena kunyimwa hadhi si kufukuzwa nchini. Kenya imo katika Mkataba Dhidi ya Mateso tangu 1997, na Ibara ya 3 inakataza kumrudisha mtu yeyote, awe mkimbizi asiwe, pale atakapoteswa. Kwa hiyo mteja akikataliwa kwa 1F huko Kenya, wakili wake hufungua hoja ya pili kwa ibara hiyo.